Namna ya kujiandaa kwa kazi ya mgodini ukiwa Lubumbashi

Kijana anayeandika katika barua yake kwamba anatafuta "kazi yoyote" mgodini hajamwambia mwajiri lolote. Katika machimbo ya wazi ya shaba na kobalti, kuanzia hapa hadi Kolwezi, kuchimba ni kazi ya mashine, na wanaotafutwa ni wale wanaoziendesha na kuzitengeneza: fundi umeme, mchomeleaji, fundi wa haidroliki (mitambo inayosukumwa na nguvu ya mafuta), dereva wa malori makubwa. Chagua ufundi kwanza, kampuni baadaye.

Mafunzo yapo INPP, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1964, na yapo pia katika vyuo vya watu binafsi. Popote uendapo, kabla ya kulipa ada omba kuoneshwa karakana, uulize wanafunzi wangapi hugawana mashine moja. Chuo chenye ubao na chaki tu kitakupa cheti, lakini mkono wako utabaki mgeni.

Mimi humpima mwanafunzi wa umeme kwa kufuli. Kabla ya kugusa mkanda unaosafirisha mawe, fundi huzima swichi kuu, huifunga kwa kufuli lake mwenyewe, hutia ufunguo mfukoni, kisha hurudi kubonyeza kitufe cha kuwashia ili ahakikishe kwamba mkanda hauondoki. Wakiwa mafundi wawili, kufuli ni mbili. Jizoeze kueleza hatua hizo kwa Kifaransa pia, maana maelekezo mengi ya usalama huandikwa kwa lugha hiyo.

Anayefikiria makaa ya mawe, kama yale ya Luena upande wa Bukama, aongeze somo la gesi na upitishaji hewa: methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na vumbi la makaa nalo huweza kulipuka. Kwenye miamba yenye silika, madini yaliyomo pia katika mchanga, vumbi huharibu mapafu polepole, kwa hiyo tunza nakala ya picha ya kwanza ya mapafu yako ili ilinganishwe na za baadaye.

Hatimaye jiandikishe ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, wala usizidharau kampuni za kandarasi zinazoifanyia migodi kazi, biashara ambayo sheria ya mwaka 2017 iliziwekea kampuni za Wakongo. Soma mkataba hadi ukurasa wa mwisho, uone ni nani hasa atakayekulipa na kwa muda gani. Dalali anayetaka pesa ili jina lako "lipite", mwache barazani na kahawa yake.