Kugeuza simulizi ya mapenzi kuwa ya upelelezi

Mdogo wangu mmoja anauza simulizi za mapenzi kwenye magrupu ya WhatsApp, na wasomaji wake wameanza kudai upelelezi. Tulikaa tukaigeuza moja aliyokwisha kuiandika, mambo yake yanatokea pwani ya mashariki ya Unguja. Tulikwenda hivi.

1. Andika ungamo la muuaji kwanza. Ukurasa mmoja tu: kamuua nani, kwa nini, wapi, saa ngapi. Msomaji hatauona. Mapenzi yanakubali uandike huku ukitafuta njia. Upelelezi haukubali, ndiyo maana simulizi nyingi hufika sehemu ya arobaini muuaji akawa pacha ambaye hatujawahi kumsikia.

2. Chagua mpelelezi. Bastola mnyime. Sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji huko Zanzibar), muuguzi wa zahanati, mweka hazina wa kikoba: hawa huulizauliza kila siku na hakuna anayeshtuka.

3. Panga saa. Tumia kaunta buku, si simu. Kwenye simu huoni kurasa mbili kwa pamoja. Kila mhusika mpe safu yake, kila nusu saa mstari wake. Alikokuwa kweli andika kwa wino, anakodai alikuwa andika kwa penseli. Wino na penseli vikipishana, umepata dalili.

Mshukiwa wetu, Shomari, anadai kwamba saa nne usiku alikuwa anaishusha ngalawa majini, mbalamwezi imewaka kama mchana. Sasa piga hesabu. Mwezi mpevu huja na bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, na siku za bamvua Unguja maji hujaa mnamo saa kumi, hupwa mnamo saa nne. Saa nne ile ngalawa ilikuwa imelala mchangani, bahari iko kule mwambani. Kaongopa.

Ila angalia. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ukiyasogeza mauaji wiki moja mbele kwa sababu tu unataka yaangukie sikukuu, saa nne maji yamejaa, ngalawa ya Shomari inaelea, na dalili yako ya maji imekufa. Ukibadili tarehe, rudia safu zote. Usiandike "usiku wa Ijumaa" pia: mzee wa pwani ataelewa usiku wa kuamkia Ijumaa, kijana wa Mwanza ataelewa Ijumaa ikishaingia giza. Na kama ushahidi ni meseji ya M-Pesa, yenyewe inaandika 10:15 PM wakati shahidi anasema saa nne na robo. Mpelelezi azioanishe mbele ya msomaji, la sivyo utaletewa malalamiko kwamba saa zako zimegongana.

4. Ficha dalili mahali msomaji anapoangalia kingine. Msomaji wa Dodoma hajui bamvua, kwa hiyo lazima aonyeshwe maji yalivyokuwa. Hapa mapenzi ya mdogo wangu yalitufaa: usiku uleule wapenzi wawili wanatembea, viatu mkononi, hadi kwenye vigingi vya shamba la mwani kule baharini, na kanga ya binti hailowi. Wasomaji watakuwa wanasubiri busu.

5. Andika. Hili unalijua.

6. Usirushe sehemu ya kwanza kabla ya kumaliza ya mwisho. Ikishaingia grupuni, mwezi hauhamishiki tena.