Namna ya kuitazama Dispensari ya Kale pale Mizingani

Wengi huipiga picha mbiombio wakiwahi boti ya Dar es Salaam. Mimi ni fundi wa chokaa hapa Mji Mkongwe, na nyumba hii inaniuma ikitazamwa hivyo.

Nenda baada ya laasiri, jua likiwa limeshageukia upande wa bahari, kwa sababu ndipo linapoupiga uso wa jengo. Toka Forodhani, ishike barabara ya Mizingani bahari ikiwa kushoto kwako, upite Mti Mkubwa. Utaiona mkono wa kulia, karibu na bandari.

Usiingie kwanza. Vuka barabara, simama upande wa bahari, uzitazame roshani. Mbao zake zimechongwa na kutobolewa vitundu kama kofia ya viua, zikapakwa kijani. Kazi hii asili yake ni Bara Hindi, kama alivyokuwa mwenyewe aliyeianzisha: Tharia Topan, tajiri aliyesimamia forodha zama za Sultani Barghash. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, mwaka wa jubilei ya miaka 50 ya Malkia Victoria. Topan alifariki 1891 nyumba haijakwisha, na mjane wake ndiye aliyeiendeleza.

Sasa ingia, na hapa nakuomba usahau habari za tajiri. Mwaka 1900 jengo lilinunuliwa na mfuko wa hisani, na likawa dispensari ya Wahindi waliohamia mjini, hasa Ithnaasheri, yaani Waislamu wa Kishia. Chini ndipo dawa zilipotolewa. Juu watu wakikaa. Kwa hiyo simama chini, uani, kisha inua macho: vibaraza vya mbao vimezunguka, mwanga unateremka, hewa inapita. Mwenye homa alisubiri mahali kama hapa. Kwangu mimi hilo ndilo kubwa kuliko nakshi zote, kwamba uzuri huu mtu maskini aliupata pamoja na dawa yake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo lilidhoofika, hadi taasisi ya Aga Khan ya utamaduni ilipolikarabati miaka ya 1990.

Mwisho tazama kuta, maana wageni huziruka. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hii hunywa maji na kuyatoa; ukiufunika kwa saruji, unyevu hukosa njia, chumvi hujikusanya ndani, lipu huvimba na kubanduka. Tafuta alama hizo chini karibu na sakafu: unga mweupe, rangi iliyochanika, doa lisilokauka hata kiangazi. Boriti nazo huoza kwanza kwenye ncha zilizoingia ukutani, kwa hiyo macho yaende pale boriti inapokutana na ukuta, si katikati. Usikwangue chochote kwa kucha wala ufunguo.

Na kama kwenu mna nyumba ya mawe ya namna hii, gonga lipu polepole kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kitu chenye uwazi ndani, imeachana na jiwe. Ibandue sehemu hiyo tu, lowesha jiwe, kisha paka chokaa iliyolala majini wiki kadhaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga uliooshwa chumvi. Paka tabaka jembamba, liache likaze, ndipo uongeze la pili, na ulifunike kwa magunia mabichi lisikaushwe na jua. Fundi akikuletea mfuko wa saruji kwa kazi hii, mrudishe nao.