Zamu ya kwanza ni yako: uchukue beki au winga?

Vichanja vyangu vya dagaa viko Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, vimeelekea uwanja. Mwaka wa kumi na mbili huu nageuza dagaa huku natazama mpira, na kwa kiherehere hicho vijana wakanifanya mlezi wa timu. Mlezi maana yake ni kununua jezi, kulipia maji, na timu ikifungwa matusi yanaanzia kwako. Kwa hiyo haya ninayowaambia nimeyalipia.

Bonanza letu huchezwa wakati wa mbalamwezi. Kwa wasio wa mwisho wa reli: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukipevuka taa haifui dafu, mitumbwi inavutwa mchangani na vijana wanashinda nchi kavu wakitafuta pa kumalizia nguvu. (Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, walicheza mpaka nyasi chache tulizokuwa nazo zikaisha.) Walezi tuko wanne. Majina yote yanaandikwa kwenye daftari, tunapiga kura ya nani aanze, kisha tunachagua kwa zamu: wa kwanza hadi wa nne, halafu kinyumenyume, wa nne hadi wa kwanza.

Ukiokota karatasi namba 1 utafurahi, na mtego uko hapo hapo. Ukishataja jina lako la kwanza, yanaondoka majina sita kabla hujafungua mdomo tena. Sita! Basi usijiulize nani mkali kuliko wote daftarini. Jiulize nani hutamkuta zamu ikirudi.

Usiku wa kuamkia siku ya kuchagua, chukua ukurasa mmoja uugawe kwa nafasi za uwanjani: makipa, mabeki wa kati, wa pembeni, viungo, mawinga, namba tisa. Kila safu ipange kuanzia mkali hadi wa kuokoteza. Halafu piga mstari chini ya yule wa mwisho ambaye akicheza utalala usingizi, na uhesabu waliobaki juu ya mstari. Safari niliyookota namba 1 nilipata mawinga 11, viungo 9, mabeki wa kati 3. Huku kwetu kila mtoto anataka kuwa winga, apige chenga pale upande wa mama lishe ashangiliwe. Kupiga kichwa mpira uliotoka kuogelea ziwani, mzito kama gunia, wanaotaka ni wachache.

Mawinga 11 kwa walezi 4: hata ukitaja winga wako raundi ya tatu, bado unapata wa maana. Mabeki 3 kwa walezi 4: mmoja wetu atatoka mikono mitupu. Hesabu hiyo niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na bado nikataja winga.

Alikuwa dereva wa bodaboda wa Gungu, mguu wa kushoto, mbio kama anakimbia mgambo. Zamu iliporudi kwangu mabeki wote watatu walishakwenda. Nikamweka kati kijana mrefu anayeuza vocha, nikajidanganya kwamba urefu ni ubeki. Winga wangu alifunga bao zuri kweli, watu wakaingia uwanjani kumbeba. Kisha tukafungwa matano. Nakumbuka la nne kuliko yote. Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo, limekaa juu ya maji kabisa, na lango letu kipindi hicho liliangalia huko huko. Mpira ukapigwa juu kutoka katikati. Kijana wa vocha akainua mkono kujikinga na jua, akarudi hatua moja, akarudi ya pili, namba tisa wao akapita begani mwake kama anapita mlango ulio wazi. Winga wangu alikuwa kule mbele, kashika kiuno, anasubiri pasi. Ingetoka wapi?

Mwaka huo huo, 2021, nikapata somo jingine kutoka mbali. Kuna kijana Mkongo niliyekuwa nikimuuzia dagaa nilipokuwa napeleka mzigo Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi. Alipata safari ya Marekani, sasa yuko Ohio, na ameugua mpira wao ule wa kubebwa mkononi. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mama. Ungekuwa wewe ungemchukua nani, anayedaka au anayekinga?"

Ikabidi anieleze taratibu. Kwao timu 32 huchagua vijana waliotoka vyuoni kwa raundi 7, na iliyoshika mkia ndiyo inayoanza. Jambo hilo wanaliita drafti, ila si hii yetu ya vizibo vya soda. Mpiga pasi wao anaitwa kwotabeki. Mbele yake wanasimama watu watano, majitu ya kama kilo 140, ambao mpira, ukimtoa wa katikati anayeuanzisha, karibu hawaugusi mechi nzima. Kazi yao ni kuzuia asiangushwe. Pembeni wako wadakaji, hao ndio wenye mbio na majina. Timu ya huko kwake, Cincinnati Bengals, ilikuwa na kwotabeki kijana, Joe Burrow, aliyeumia goti vibaya Novemba 2020. Zamu yao ilikuwa ya tano. Mezani wamebaki Penei Sewell, jitu la kukinga, na Ja'Marr Chase, mdakaji aliyecheza chuo kimoja na Burrow. Nikamjibu bila kupumua: mwenye goti bovu mpe ukuta. Wakamchukua Chase. Sewell akaenda Detroit Lions, zamu ya saba.

Nilimcheka. Kisha Chase akamaliza msimu wa kwanza na yadi 1,455 za mipira aliyodaka na tachidauni 13 (ndiyo mabao yao), na Bengals wakafika fainali, Super Bowl ya Februari 2022. Kijana akawa ananitumia vicheko tu. Lakini Burrow naye msimu huo wa kawaida aliangushwa mara 51. Kwenye mtoano, Tennessee Titans walimwangusha mara 9 na bado akashinda 19 kwa 16. Fainali akaangushwa mara 7, wakafungwa 23 kwa 20 na Los Angeles Rams. Mpira wao wa mwisho, Chase alikuwa ameshamwacha beki wake kule mbele. Burrow alikuwa tayari mikononi mwa Aaron Donald, anazungushwa kama kishada. Nilipoonyeshwa kipande hicho nilimwona dereva wangu wa bodaboda kashika kiuno.

Na hata hivyo, baada ya kuwaza sana juu ya vichanja, nakubali kwamba walichagua sawa. Kwao dirisha la usajili lipo. Msimu uliofuata walinunua watu watatu wa kukinga, fedha mkononi, kazi ikaendelea. Mdakaji kama Chase hauziwi sokoni hivi hivi. Mwaka 2024 aliongoza ligi nzima kwa mipira aliyodaka, kwa yadi na kwa tachidauni. Sewell naye amekuwa mmoja wa wakingaji bora kabisa, kwa hiyo Detroit hawana cha kulia. Sisi Kibirizi usajili hatuna. Daftari likifungwa limefungwa, na mabeki ni watatu. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kwa bonanza letu, beki anatangulia. Siku mabeki wakiwa kumi na mawinga wawili, nitageuka bila haya.

Sasa, beki utamjuaje? Usimtazame akiwa na mpira. Siku mbili kabla, kaa nyuma ya lango, chagua mtu mmoja, mpira ukiwa upande wa pili. Hesabu anageuza shingo mara ngapi mpaka mpira urudi. Anayetazama mpira tu, hata awe na kifua kama ngalawa, muache. Anayegeuka nyuma, kushoto, nyuma tena, huyo anajua nani yuko mgongoni kwake. Kisha mtazame saa kumi na mbili kasoro jioni, akielekea ziwani, jua machoni, mtu ampigie mipira ya juu. Akirudi nyuma kwanza ndipo aje mbele, ni beki. Akikimbilia mbele halafu aruke ameshachelewa, ni mwenzake kijana wa vocha. Sikiliza na sauti yake. Beki bubu ni hasara. Nataka mtu anayewapangia wenzake mpaka mimi huku kwenye dagaa nijue nani anatakiwa wapi. Jumamosi Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, wakicheza Uwanja wa Lake Tanganyika, lipa kiingilio ukamtazame beki mmoja kwa dakika tisini, uache kufuata mpira. Inachosha, lakini utarudi na jicho jingine.

Winga mpime kwa mbio ya pili. Ya kwanza kila mtu anayo. Mwambie akimbie hadi kwenye kibendera, apige krosi, arudi kumsaidia beki, aende tena. Nusu yao watafunga kamba za viatu.

Kipa sitasema mengi. Kama yuko mmoja tu anayedaka kweli, hesabu ile ile ya mstari itakuambia umchukue hata kabla ya beki. Ila kwetu makipa hawakosekani. Juma Kaseja katoka Kigoma hii hii, na kila mtaa una mtoto anayejirusha kwenye mchanga akijiita yeye.

Siku yenyewe usiende na ukurasa wako mkononi, walezi wenzako wana macho. Mimi nauandika nyuma ya risiti za magunia. Na ukimtaka beki, sifia winga tangu juzi, kwa sauti, kijiweni, mpaka wakuonee huruma.

Mbalamwezi hii nimeokota namba 1 tena. Beki ninayemtaka ni mbeba mizigo wa bandarini, anageuza shingo kama bundi. Kapata habari, sijui kutoka kwa nani, na jana kaja kuniuliza kama timu inatoa debe la dagaa kabla ya mechi au baada. Nimemwambia aje alfajiri, wengine wakiwa bado wamelala.