Somo: Kulinda wanyama dhidi ya majangili kwenye hifadhi ndogo

Habari zenu wakuu. Somo hili ni la wale wanaosimamia eneo dogo lenye askari wa kuhesabika na gari moja, tena siku likiamua kuwaka. Mambo ya helikopta tuwaachie wenye nazo.

Kwenye hifadhi ya namna hii, anayemaliza wanyama mara nyingi si mwenye bunduki bali mwenye waya. Tanzi halina mlio, halilali wala halichagui: limetegewa swala, likamnasa chui. Katika hifadhi tano tu za Kusini-Mashariki mwa Asia, askari waliondoa mitego zaidi ya 200,000 kati ya 2010 na 2015. Kwa hiyo sehemu kubwa ya somo ni matanzi.

Hatua ya 1: Ramani
Chora eneo lako kama anavyoliona jangili. Wanyama wanakunywa wapi? Mapito yao yanabanwa wapi, kati ya mwamba na korongo au kati ya kichaka na uzio? Mtu anaweza kuficha pikipiki wapi asionekane barabarani? Kisha kagua uzio wenyewe. Waya ukikatwa kipande na kipande hakionekani chini, usidhani kimepotea. Kuna uwezekano mkubwa kimeingia ndani na sasa ni tanzi.

Hatua ya 2: Doria isiyotabirika
Jangili anazijua zamu zenu kuliko baadhi ya askari wanavyozijua. Anajua saa ya chai, sikukuu, siku ambayo mkuu wa kituo husafiri. Badilisha lango la kuanzia, badilisha saa, rudi ulikotoka baada ya muda wa saa mbili hivi. Nani aende wapi, ipangwe asubuhi ileile, na simu zisipigwepigwe baada ya hapo. Usiku wa mbalamwezi uongeze watu, maana mwanga unaokusaidia wewe unamsaidia na yeye.

Hatua ya 3: Kutafuta matanzi
Hapa msiwe na haraka. Tembeeni kwa mstari, mtu na mtu wakiachana hatua chache tu, mkiacha barabara na kufuata mapito ya wanyama. Jua likiwa chini ni rahisi zaidi kuona waya, kwa sababu hung'aa kidogo. Kidogo tu, kwani wengi huupitisha motoni kwanza ili upoteze mng'ao na harufu.

Kabla hujauona waya wenyewe, utaona mambo mengine. Matawi yaliyokatwa na kupangwa kama ua mfupi, yakiacha upenyo mmoja wa mnyama kupita. Mti mchanga uliopindwa. Gome lililochubuka pande zote kwa kimo kilekile, na ardhi iliyochimbuliwa chini yake: hapo mnyama alishanaswa na akapigana. Urefu wa kitanzi kutoka chini hukwambia kilitegewa nani, cha kiganja kimoja ni cha wanyama wadogo, cha kufika pajani ni cha wakubwa. Ukipata kimoja usishangilie na kuondoka. Hutegwa kwa mistari, kwa hiyo zungukeni hapo mpaka mridhike. Waya ung'olewe wote na uondoke hifadhini. Ukiutupa kichakani umemrudishia mwenyewe.

Hatua ya 4: Kuandika
Kila doria iandikwe: saa, njia, kilomita zilizotembewa, kilichoonekana na mahali pake kwa GPS. Ipo programu ya bure iitwayo SMART iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa, lakini daftari lenye nidhamu linatosha kuanzia. Andika hata siku ambayo hamkuona kitu. Tuseme mwezi jana mlipata mitego 10 kwa kilomita 20, mwezi huu 12 kwa kilomita 60. Asiyeandika kilomita atasema ujangili umeongezeka, kumbe mitego kwa kila kilomita imeshuka kutoka nusu hadi moja ya tano. Nimeona watu wakilaumiwa kwa kufanya kazi nzuri kwa sababu ya hesabu hii tu.

Hatua ya 5: Ushahidi
Piga picha kabla ya kugusa, weka rula au kalamu pembeni ionyeshe ukubwa, vaa glavu. Kitu chenye damu au unyevu kiwekwe kwenye bahasha ya karatasi, kwani ndani ya plastiki kitaoza. Kila anayekipokea asaini. Kesi nyingi hufa hapa, si porini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nikikuta tanzi si bora niliache nimvizie mwenyewe?
Kama huna mamlaka ya kukamata na hakuna askari wa kushinda pale, hapana. Atakayefika kwanza anaweza kuwa mnyama. Njia ya kati ni kukaza kitanzi kisinase tena, waya ubaki ulipo, na kamera ya kujipiga yenyewe ifichwe karibu.

Mnyama akiwa hai kwenye waya tufanyeje?
Kaeni mbali, nyamazeni, piteni upande asiouona, mwiteni daktari wa wanyama. Hofu peke yake inaweza kumuua hata baada ya kufunguliwa.

Sisi hatuna silaha, tutaweza kweli?
Black Mambas, kikosi cha doria cha hifadhi ya Balule, Afrika Kusini, walianza 2013. Wengi wao ni wanawake wa vijiji jirani na hawabebi bunduki. Wanatembea, wanaondoa mitego, wanaonekana. Mkikuta mtu mwenye silaha, kazi yenu ni kurudi nyuma na kuita polisi.

Vipi kuhusu droni?
Ikiwa na kamera ya joto inasaidia usiku, kama sheria inaruhusu na kuna mtu wa kukimbilia kilichoonekana. Betri haidumu. Mimi ningenunua viatu na redio kwanza.

Tumekuta mzoga na tai wengi wamekufa kando yake. Ni ugonjwa?
Chukulia ni sumu mpaka ithibitishwe vingine. Majangili huweka sumu kwenye mzoga kwa sababu tai wakizunguka angani huwaonyesha askari mahali. Botswana, 2019, tai 537 walikufa kwa mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu. Usiguse kwa mikono mitupu, zuia mbwa na watu, ita wahusika wachukue sampuli, kisha mizoga yote, ya tai pia, iteketezwe kabisa.

Wanaotega ni majirani zetu, wanataka nyama tu. Tuwafunge?
Mtenganishe anayepika na anayeuza. Wa kwanza kaa naye chini, na nafasi ya kazi ikitokea hifadhini ifikirie kwanza nyumba yake. Anayajua mapito kuliko wewe. Wa pili ana mnunuzi, na jina la huyo mnunuzi ndilo la kuwapelekea polisi.