Somo: Mchezaji akitaka kuwa jini, nguva au mtu wa mabawa, wamuekaje sawa na wenziwe

Salam wandugu. Sisi twacheza Dungeons & Dragons toleo la 5, ule mchezo wa mezani wa dadu ambao kila mtu aigiza mhusika wake na mmoja aongoza hadithi, kila Jumamosi baada ya isha, barazani Kuze, Mji wa Kale Mombasa, watu watano na birika la kahawa. Juzi mmoja akaja na karakta, yaani mhusika wake: jini, aruka, haonekani, aingia mtu kichwani akamtumia vile atakavyo, na hiyo ni levo ya kwanza, daraja la chini kabisa la nguvu. Nikamuuliza ndugu yangu, wataka kucheza na sisi ama wataka tukae tukuangalie?

Lakini sikumkatalia, na ndo nataka kuwaonyesha nilivyofanya.

Hatua ya 1. Muulize katika hilo wazo lake apenda nini hasa, kitu kimoja tu. Huyu wangu kumbe kuruka hakumshughulishi, alichotaka ni watu wamuogope na awe ana kiti, yule mtu anayempanda, na adai ubani kila mara. Bas! Nikampa hesabu za warlock wa kawaida (mchawi mwenye mkataba na kiumbe mkubwa) bila kuongeza kitu, ile eldritch blast yake, pigo lake la uchawi, tukaiita upepo wa kusi, na kiti ndio mwili anaotembea nao. Kiti kikipigwa, yeye ndo apungua uhai. Nusu ya maombi ya ajabu huishia hapa, wabadilisha nguo tu mwili wabaki ule ule.

Hatua ya 2. Angalia anamuibia nani kazi. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanahesabu nguvu kwenye karatasi wanasahau walioketi mezani. Chukua mabawa. Aarakocra, yule mtu-ndege, wa 2015 alikuwa aruka futi 50 tangu levo ya 1, na mchawi apate uganga wa kuruka mpaka afike levo ya 5, sasa yule mwizi wenu aliyejaza pointi kwenye kupanda kuta afanye nini, achome ubani? Ukuta, shimo, mto, vyote vishakwisha (wenye mchezo wenyewe waliona, 2022 wakashusha ikawa 30). Mimi levo 1 mpaka 4 namwachia aruke lakini zamu ikiisha awe ametua, ikifika 5 mbingu ni yake. Na zile sheria za kuanguka musizisahau: anayeruka akiangushwa kifudifudi ama kasi yake ikawa sifuri, aenda chini, kila futi 10 ni dadu moja la pande sita. Lakini usiweke wapiga mishale kila pambano ili umkomeshe, hiyo ni chuki si uongozaji.

Hatua ya 3. Udhaifu wake uwe unalipwa kweli. Mtu akuambia "karakta wangu haoni vizuri juani" na kampeni yote, ile hadithi ndefu munayoicheza, iko pangoni, huyo amepata bure. Nguva anayekauka kwenye kampeni ya baharini hana udhaifu wowote, kwenye jangwa naye hachezeki. Kwa hivyo kwanza ujue mwaenda wapi. Na udhaifu usiwe mzigo wa wengine, kama yule wa "hazungumzi", kila mara wenziwe ndo wamsemee, raundi ya tatu washachoka.

Zamani toleo la 3, la 2000, dubwana lilikuwa linalipa kwa levo, wahesabiwa uko juu kuliko ulivyo. Kwenye karatasi ilikuwa sawa kabisa, lakini zile levo za kulipia hazikuwa na uhai ndani yake, basi jitu kubwa lafa mapema kuliko kasisi.

Hatua ya 4. Hesabu zamu, si nguvu. Pacha wawili, mtu na mnyama wake, mzimu na mwili wake, wote wapate zamu moja wagawane. Vitendo viwili kila raundi vinashinda panga lolote. Pointi za kuanzia, za kununulia nguvu, akili na kadhalika, ni zile zile 27 kama kila mtu.

Hatua ya 5. Jumamosi tatu za majaribio, halafu mnazungumza mbele ya wote, si kunong'onezana pembeni.

MASWALI

Swali: Mwanangu wa miaka 12 ataka kuwa paka wa Mji wa Kale, na paka kitabuni ana uhai 2. Si atakufa mlangoni?

Jibu: Mamangu, usitumie paka wa kitabuni. Mpe hesabu za halfling (mtu mfupi wa kitabuni) mwizi, kucha ziwe sawa na kisu, na azungumze. Upanga asishike, na mlango wenye kitasa amuombe mtu. Atafurahi sana.

Swali: Mimi nishampa mtu mabawa miezi mitatu sasa, wenziwe wananung'unika. Nimnyang'anye?

Jibu: La shekhe, cha mtu ukishampa usimpokonye usiku. Waulize wanaonung'unika kila mmoja alipokosa nafasi ilikuwa wapi, uwape wao kitu cha kwao. Kwetu yule mwizi alipata kamba ya uchawi na kelele zikaisha.

Swali: Nguva nchi kavu atembeaje??

Jibu: Kwa mkokoteni, na hamali wa kumsukuma. Kasi futi 30 kama wengine. Mukifika kwenye ngazi, mujipange.