Kale kakobe ka Logo bado kapo
Wale mliocheza na Logo utotoni, ile lugha ya kompyuta ya 1967 yenye kobe anayechora, msihangaike kutafuta programu za zamani, weka tu Python (lugha ya kuandikia programu) kwenye laptopu maana kobe yumo humo humo, unaandika from turtle import * halafu fd(100) anaenda mbele, rt(90) anageuka kulia. Ujanja wote uko kwenye kona, gawa 360 kwa idadi ya pande, yani pembetatu ni 120 siyo 60 (hapa ndo wengi wanachemka, kobe anageuka kwa pembe ya nje). Nyota je? rudia fd(100) na rt(144) mara 5, tamu sana hiyo. Mwishoni weka done() la sivyo dirisha linaweza kujifunga hujaona kitu, na faili usiliite turtle.py, litagoma.