Lensi ya CD Haisomi: Ipime Kabla ya Kuihukumu

Redio ya CD ikiandika NO DISC, mafundi wengi hukimbilia ile rizista ndogo ubavuni mwa lensi na kuizungusha kwa bisibisi. Diski inasomeka, mteja anafurahi, halafu baada ya wiki chache redio inarudi mezani imekufa kabisa. Rizista ile ndiyo inayopanga mkondo wa dayodi ya leza, yaani kile kipande kinachotoa mwanga wa kusomea diski, na dayodi iliyochoka ukiizidishia mkondo unaimalizia. Niliwahi kuua lensi hivyo, kwenye redio ya mzee mmoja aliyekuwa na CD zake za taarab, na bado inaniuma. Tangu siku hiyo nafuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Itazame ikifanya kazi

Fungua mfuniko, kisha bonyeza swichi ya mlango kwa kijiti ili redio ijione imefungwa. Lensi nzima husogea kuelekea katikati, ikapanda na kushuka mara mbili tatu ikitafuta diski. Usiichungulie kwa juu. Mwanga wa CD ni wa nanomita 780, karibu hauonekani, lakini jicho linaumia vilevile. Tumia kamera ya simu. Nyingi zitakuonyesha nukta ya zambarau. Kama lensi haichezi kabisa, anza na mkanda wa nyaya. Ikicheza bila mwanga, shida iko kwenye dayodi au umeme unaoilisha. Deki ya DVD ina mwanga wa pili, mwekundu, wa nanomita 650, ndiyo maana inaweza kucheza DVD vizuri na kukataa CD.

Hatua ya 2: Safisha

Kwenye deki nyingi za DVD, lensi inaning'inia kwa nyaya nne nyembamba kama unywele. Ukikandamiza, umeharibu. Chovya pamba ya masikio kwenye alkoholi safi ya isopropili, ikamue, kisha gusa lensi kama unafuta chozi la mtoto, kutoka katikati kwenda pembeni. Spiriti ya kusafishia vidonda mara nyingi huacha ukungu, hivyo iache. Vumbi lililoingia chini ya lensi lipulize kwa puto la mpira. Pumzi ya mdomo ina mate.

Hatua ya 3: Reli na mota

Hapa ndipo lensi nyingi nzima husingiziwa. Futa grisi iliyoganda kwenye reli, weka mpya kidogo sana. Halafu chomoa mota inayozungusha diski, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), uzungushe mhimili polepole kwa vidole. Namba ikikatika katika sehemu fulani ya mzunguko, brashi zinazopitisha umeme ndani ya mota zimekwisha. CD husomwa kuanzia ndani, ambako huzunguka kama mara 500 kwa dakika, na huishia ukingoni kwenye kama 200. Kwa hiyo redio inayokwama nyimbo za mwanzo na kucheza za mwisho, mimi hushuku mota kwanza.

Hatua ya 4: Rizista

Sasa ndiyo uiguse. Zima umeme, pima omu zake, andika, weka alama ya kalamu. Sogeza kidogo tu, nyuzi tano hivi za duara, upime tena. Upande wa kuongeza mkondo hutofautiana kati ya lensi na lensi. Ikisoma, mwambie mteja ukweli kwamba lensi imebakiza siku chache.

Hatua ya 5: Kubadilisha

Soma namba yote, pamoja na herufi ya mwisho: KSS-213B na KSS-213C si kitu kimoja. Lensi mpya nyingi huja na tone dogo la lehemu linalokinga dayodi dhidi ya umeme tuli wa mwilini mwako. Gusa chuma kilichoungwa na ardhi, funga lensi, chomeka mkanda, kisha ndipo uondoe tone hilo kwa ncha safi ya pasi ya kulehemu. Ukilisahau, lensi itapanda na kushuka bila mwanga, nawe utairudisha dukani ukidhani umeuziwa mbovu. Jaribu kwa CD halisi ya kiwandani, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ndipo ufunge skrubu.